Pogoda: hali ya hewa iliyozaliwa na wakati

Najifunza Kirusi. Pogoda ni hali ya hewa, na god ni mwaka. Yana undugu?

Ni ndugu wa damu. Kwa Waslavi wa kale, wahenga wa Warusi, Wapolandi, Wacheki na wenzao, mzizi god ulitaja wakati, hasa wakati unaofaa, uliowadia. Warusi wakaupa maana ya mwaka. Waserbia na Wabulgaria huita mwaka godina, ilhali Wapolandi wana godzina na Wacheki hodina, yote mawili yakiwa na maana ya saa (g ya zamani hutamkwa h kwa Wacheki). Ile maana ya kufaa haijapotea: kitenzi cha Kirusi godit'sya ni "kufaa". Kwa hiyo pogoda mwanzoni haikuwa hewa yoyote tu. Ilikuwa hewa njema, wakati unaoruhusu kazi. Aliyewahi kusubiri siku kavu ili aanike mahindi yake anaijua maana hiyo bila kamusi.

Tunajuaje kwamba ilikuwa njema?

Tazama nepogoda, yaani dhoruba au mvua mbaya. Ne ni kikanusho, na huwezi kukanusha "hali ya hewa" ukapata mvua. Unakanusha uzuri wake. Kwa Kipolandi, pogodny ni siku angavu, pia mtu mkunjufu. Wacheki wamekwenda mbali zaidi: pohoda yao ni raha na utulivu wa moyo. Mimi nalipenda neno hilo kuliko yote katika ukoo huu. Ajabu ni kwamba katika lahaja za kaskazini mwa Urusi, pogoda iligeuka ikawa dhoruba yenyewe!

Waslavi wote husema pogoda?

Hapana. Waserbia na Wabulgaria husema vreme, Wakroatia vrijeme, na neno hilohilo ni wakati. Kwa Waslovenia vreme ni hali ya hewa tu. Wakati ni čas. Wacheki wameunda počasí, yaani hali ya hewa, kutokana na čas hiyohiyo.

Kiswahili kina mfano wa namna hiyo?

Hali ya hewa yenyewe haina, maana hewa ni neno la Kiarabu la upepo na anga. Lakini msikilize baharia wa pwani. Akisema kaskazi, ametaja upepo na msimu wake kwa pumzi moja. Majira nayo ni misimu ya mvua na jua, kisha mtangazaji hutuambia "majira ya saa nne asubuhi".