Malori ya Zamani ya Magurudumu Manne: Maswali na Majibu

Maswali ya leo yanahusu malori na pikapu zilizotoka kiwandani zikiendeshwa na magurudumu ya nyuma peke yake, kisha zikafungwa mtambo wa kuendesha magurudumu yote manne.

Nimeona lori kuukuu la Kiingereza, Bedford aina ya TJ, nyuma ya kiwanda cha mbao kilichofungwa karibu na msitu wa Budongo. Ekseli ya mbele ina difu, yaani gia zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Je, lilitoka kiwandani hivyo? (Msomaji, Masindi)

Karibu kwa hakika lilibadilishwa. TJ ilianza kuuzwa mwaka 1958 ikiwa lori la magurudumu ya nyuma. Bedford la magurudumu manne la zama hizo lilikuwa RL, lililoundwa kwa ajili ya jeshi kuanzia 1953. Linalobaki ni kujua nani aliyelibadilisha: kampuni maalumu, kama All Wheel Drive ya Camberley, Uingereza, au gereji ya kiwanda chenyewe iliyopata ekseli ya RL chakavu na kuipachika. Jibu limo chini ya gari, si katika simulizi za mlinzi wa lango.

Piga picha kwanza, kabla hujaosha chochote. Kisha chukua brashi ya waya, mafuta ya taa na kipande cha chaki, uanze na transifa, yaani kisanduku cha gia kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Safisha ubavu wake mpaka chuma kionekane, kwa maana hapo ndipo kibao cha mtengenezaji hufungwa, na hata kibao kikiwa kimeng'olewa, namba iliyotokezwa chuma kiliposubiwa hubaki. Pitisha chaki juu yake nayo itasomeka. Fanya vivyo hivyo kwenye nyumba ya difu ya mbele. Ukikuta namba za watengenezaji wawili usikate tamaa, kwani kampuni za kubadilisha magari mara nyingi zilinunua ekseli kwa wengine. Chasisi ndiyo huamua. Matundu ya keekee ni duara safi, ilhali yaliyokatwa kwa moto wa gesi yana kingo zilizoyeyuka, dalili ya kazi ya gereji, na matundu yasiyo na kazi karibu na springi za mbele yanaonyesha kwamba ekseli ilisogezwa baadaye.

Ikidhihirika kuwa ni kazi ya gereji, usiidharau. Mafundi wale walitakiwa kutoa magogo msituni wakati wa mvua, na kwa maoni yangu lori lao lina historia zaidi ya Uganda kuliko lile lililofungwa Camberley.

Lori langu lina maandishi AWD. Muuzaji anasema ni la miaka ya 1950. Nimwamini? (Msomaji, Jinja)

Inategemea maandishi yako wapi. Herufi hizo zimetumiwa na kampuni mbili tofauti. Ya kwanza ni All Wheel Drive ya Camberley iliyotajwa juu, ambayo ilibadilisha magari ya wengine, na kibao chake hutafutwa kwenye mtambo. Ya pili ilizaliwa mwaka 1987, David Brown aliponunua biashara ya malori ya Bedford huko Dunstable, nayo ikafilisika mwaka 1992. Herufi zikiwa usoni mwa kabini kama jina la gari, muuzaji amekuongezea miaka thelathini.

Nianzie wapi kutafuta magari haya hapa Uganda? (Msomaji, Mbale)

Fuata kazi, usifuate madalali. Gari la namna hii lilinunuliwa na mtu aliyekuwa na tope na mzigo: mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, mashamba ya chai ya Kabarole, mgodi wa shaba wa Kilembe ulioanza uzalishaji mwaka 1956, na misheni za mbali. Waulize wastaafu, na kati yao mtafute kwanza mtunza stoo badala ya dereva, kwa sababu yeye ndiye aliyeagiza spea na huenda bado anakumbuka zilitoka kwa nani. Makaratasi ya kampuni nyingi yalipotea baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, mali zilipobadilisha mikono. Kwa magari ya serikali, jaribu Nyaraka za Taifa zilizoko Wandegeya. Katwe na soko la Kisekka, jijini Kampala, ni mahali pa kupata vipande, mara chache gari zima. Fanya haraka, kwa kuwa viwanda vya kuyeyusha chuma havibagui lori la kihistoria na bati bovu.

Misheni moja ina pikapu ya Chevrolet inayosemekana kuwa ya NAPCO. Jina hilo lina maana gani? (Msomaji, Fort Portal)

Ni kampuni ya Minneapolis, Marekani, iliyouza seti ya kubadilisha gari iitwayo Powr-Pak. Chevrolet iliitoa seti hiyo kupitia kiwandani kuanzia 1957 hadi 1959, na mwaka 1960 General Motors ikaleta mtambo wake yenyewe. Seti ingeweza kufunguliwa na kuhamishiwa gari jipya, kwa hiyo mwaka wa pikapu na mwaka wa mtambo si lazima ulingane. Ichunguze kila moja peke yake.

Nimeuziwa ekseli ya mbele. Nitajuaje kama inaoana na ya nyuma? (Msomaji, Lira)

Inua ekseli, shikilia gurudumu moja lisizunguke, zungusha la pili mizunguko miwili kamili, na uhesabu flenji ya propela, yaani kile kisahani kwenye difu ambapo shafti itokayo kwenye transifa hufungwa, imezunguka mara ngapi. Rudia kwenye ekseli ya nyuma. Hesabu zikitofautiana, usizifunge pamoja hata fundi akikuhakikishia, kwa sababu kwenye lami kavu magurudumu yatavutana mpaka transifa au ekseli ivunjike.

Sheria ya magari ya miaka kumi na mitano itanizuia? (Msomaji, Tororo)

Sheria hiyo ya 2018, inayokataza magari yenye umri wa miaka kumi na mitano au zaidi, inahusu magari yanayoingizwa kutoka nje. Lori lililokwisha kuwa nchini haliguswi. Tatizo lako litakuwa logibuku, yaani kitabu cha usajili wa gari. Linganisha namba yake na ile iliyogongwa kwenye chasisi, na zisipolingana, usilipe hata shilingi kabla muuzaji hajazisahihisha kwenye daftari la magari, ambalo tangu 2021 liko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Fundi anayejitolea kukugongea namba upya anakutafutia kesi.