Kinu chenye milango miwili, na maswali mengine ya vijiji vya mtoni Uholanzi

Tangu nigusie habari za Kinderdijk, kijiji cha Uholanzi chenye vinu vya upepo, kwenye safu iliyopita, maswali hayajakatika. Nimeokota matano.

Vinu 19 mahali pamoja! Walikuwa wanasaga unga wa kulisha nani? (Msomaji, Morogoro)

Hawakusaga hata kibaba. Vile ni vinu vya kutoa maji shambani. Ardhi ya Alblasserwaard, eneo kilipo Kinderdijk, ni ya mboji, laini kama sifongo. Ukiikausha ili ulime, inasinyaa na kushuka, mwishowe shamba linakuwa chini kuliko mto uliopo jirani, na maji ya mvua yanakosa pa kukimbilia. Ndipo bodi za maji, vyombo vya kusimamia maji ya eneo, zikajenga vinu: vinane vya matofali upande wa Nederwaard mwaka 1738, vinane vya kuezekwa upande wa Overwaard mwaka 1740, na vitatu vya majirani. Bodi mbili, mifereji miwili sambamba, kila mtu na maji yake! Upepo huzungusha mabawa, mabawa huzungusha gurudumu la kuchotea, maji hupandishwa kwenye bwawa la juu na kusubiri humo hadi mto Lek upungue. Hapo lango hufunguliwa.

Ukifika, usikodolee mabawa tu, tazama milango. Kinu kina miwili, kila mmoja upande wake, kwa sababu mabawa hushuka hadi karibu kugusa majani, na kichwa cha kinu hugeuzwa kuufuata upepo. Mlango uliotokea salama asubuhi, jioni mabawa yanapita mbele yake kwa kasi ya kuua. Na humo ndani mwendesha kinu aliishi na mke na watoto, wakipika na kulala huku mashine ikinguruma juu yao. Kwangu mimi hilo ndilo la ajabu kuliko picha zote za machweo zinazopigwa pale.

Ni kweli jina Kinderdijk limetokana na mtoto aliyeokolewa na paka?

Jina lenyewe linataja mtoto na tuta, yaani ukuta wa udongo wa kuzuia maji. Wenyeji husimulia kwamba baada ya mafuriko ya Mtakatifu Elizabeth, usiku wa kuamkia tarehe 19 Novemba 1421, kitanda cha mtoto kilionekana kikielea kuelekea kwenye tuta. Ndani yake paka alikuwa akiruka huku na huku ili kisipinduke, na mtoto yu mkavu. Mimi nimefuga paka, na wa kujitolea hivyo sijamwona. Ila mafuriko si hadithi. Yalivunja matuta ya eneo la mashamba la Grote Waard, na mahali pale leo pana vinamasi vya Biesbosch.

Naishi Nijmegen. Nikiendesha baiskeli juu ya tuta la mto Waal, njia inajikunja ghafla bila sababu, na pembeni pana kidimbwi cha mviringo. Nani alichora barabara ile?

Aliichora mto. Tuta lilipopasuka, maji yaliingia kwa nguvu na kuchimba shimo refu mahali pale pale. Wanakijiji hawakuwa na uwezo wa kulifukia, kwa hiyo walijenga tuta jipya kwa kulizunguka. Kidimbwi hicho huitwa wiel. Kila kona ya namna hiyo ni alama ya usiku mmoja mbaya, hata kama hakuna kibao kinachosema hivyo.

Usidhani ni mambo ya kale tu. Mwanzoni mwa 1995 watu wapatao 250,000 wa maeneo ya mito waliondolewa majumbani, na mifugo yao pia, kwa hofu kwamba matuta yangeachia. Yalishikilia. Lakini baada ya hapo serikali ilibadili mawazo: badala ya kuinua matuta tu, mito ikapewa nafasi. Lent, ng'ambo ya kwenu, tuta lilirudishwa nyuma na mkono mpya wa mto ukachimbwa.

Ngome ya Loevestein ina umaarufu gani?

Ipo mito ya Waal na Maas inapokutana, na umaarufu wake ni wa sanduku. Mwanasheria Hugo Grotius, yule aliyetetea mwaka 1609 kwamba bahari ni ya wote wakati Wareno wakidai Bahari ya Hindi ni yao, alifungwa humo maisha mwaka 1619 kwa ugomvi wa dini na siasa. Aliruhusiwa vitabu, vikiletwa na kurudishwa sandukuni. Walinzi walichoka kukagua. Mkewe, Maria van Reigersberch, aliliona hilo, na tarehe 22 Machi 1621 akamfungia mume ndani ya sanduku. Wanajeshi wakalibeba wakilalamikia uzito. Msichana wa kazi, Elsje van Houwening, akalisindikiza kwa mashua hadi Gorinchem. Kutoka hapo Grotius akaondoka amevaa nguo za mwashi. Leo zaidi ya jumba moja la makumbusho linaonyesha "sanduku lenyewe".

Niliona kivuko kinavuka mto bila kusikia injini. Kinaendaje?

Kinasukumwa na mto. Waya mrefu umetiwa nanga mbali, upande maji yanakotoka, na ncha nyingine imefungwa kwenye kivuko. Nahodha akikilaza kivuko kimshazari, mkondo unakisukuma hadi ng'ambo. Kurudi, anakilaza upande wa pili. Hendrick Heuck alianzisha kivuko cha namna hii Nijmegen mwaka 1657. Injini uliyoikosa huwa ipo, ya kusaidia mkondo ukiwa mvivu.