Usilipie 4K kabla hujakagua boksi: nilivyopoteza 29,400 hapa Kisumu

Ndugu wa Section 58 kule Nakuru, shikilia hiyo pesa. Usiitume.

Umeuliza hapa, kati ya huduma za filamu za intaneti, Netflix, Showmax na Prime Video, ni ipi yenye picha safi inayostahili pesa yako, watoto watazame nini, na mpira wa Uingereza utaupata wapi. Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi akiwa mlangoni, ukasema kesho unapitia mjini kuchukua "boksi la 4K la 4,500", yaani kile kidude cha Android cha kuleta filamu za intaneti kwenye TV kwa picha kali kabisa ya 4K, ulichomeke, kisha ulipie Netflix ya Premium, kifurushi chao cha juu, moja kwa moja. Hapo ndipo chai yangu ilipopoa. Njia hiyo naijua. Nimeipita yote, na ilinila shilingi 29,400.

Niko Migosi, Kisumu. Novemba 2023 nilikuwa na TV ya inchi 43, 4K ya kweli, ila mfumo wake haukuwa na Netflix. Nikaingia duka moja la elektroniki mjini. Kijana wa mauzo akanitolea boksi dogo jeusi, katoni yake imeandikwa 4K Ultra HD kwa herufi za dhahabu, na nembo ya Netflix iko ubavuni. Nikamwambia nionyeshe. Akachomeka flashi, ikatokea video ya samaki wa baharini, magamba unayahesabu moja moja. Nikalipa 6,500 nikaenda zangu.

Ushike hapo. Alinionyesha video iliyokuwa ndani ya flashi. Netflix hakuifungua. Video ya flashi haina kufuli, kwa hivyo boksi lenye nguvu kidogo tu litaicheza vizuri. Filamu za Netflix zina kufuli, na ufunguo wake boksi lile halikuwa nao. Kuonyeshwa samaki wa flashi na kuuziwa Netflix ni sawa na kuonjeshwa ngege kisha ukafungiwa omena.

Nyumbani nikalipia Premium. Wakati huo ilikuwa shilingi 1,100 kwa mwezi, na kifurushi cha chini cha TV, Basic, kikiwa 300. Tofauti ya 800 niliiona ndogo kwa sababu Premium ndiyo yenye 4K. Tukakaa familia nzima, taa tukazima. Picha ikaja, lakini nyuso zilikuwa kama zimepakwa unga. Penye giza palijaa vijiraba vyeusi vinavyotetemeka. Nikabonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya TV, ikaandika 3840 x 2160. Nikajiambia basi hii ndiyo 4K, labda macho yangu hayajazoea.

Maandishi yale ya 3840 x 2160 yalinichelewesha mwaka mzima. TV husema tu ni ishara gani inapokea kupitia kebo. Boksi lilikuwa likichukua picha hafifu ya 480p (mistari 480 tu, wakati 4K ina 2160), linaivuta mpaka ijaze 4K, kisha linaituma. TV inapokea 4K, kweli, ila ni 4K iliyojazwa hewa. Hakuna mtu aliyenieleza jambo hilo, na nilirudi dukani kuuliza mara mbili.

Mara ya kwanza kijana yule hata hakutoka nyuma ya meza. "Boss, hiyo ni network yako." Kwa sauti ya daktari anayesoma majibu ya maabara. Nikaenda kwa waliokuwa wananiuzia intaneti. Nilikuwa na kasi ya Mbps 15. Wakala wao hakuniuliza natumia kifaa gani, hakupima kasi, hakuangalia ruta iko wapi. Alisema 4K inahitaji intaneti "ya wanaume", akanipandisha hadi Mbps 30 kwa nyongeza ya 1,100 kila mwezi. Hiyo ilikuwa Aprili 2024. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 15 kwa 4K, Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 3 kwa 720p. Yameandikwa wazi kwenye ukurasa wao wa msaada. Ile ya zamani ilikuwa inatosha, nami nikaendelea kulipa nyongeza kwa miezi tisa.

Picha haikubadilika hata punje. Nikarudi dukani mara ya pili, nikaambiwa sasa shida ni kebo. Nikauziwa kebo ya HDMI ya 1,800, imefungwa kwa uzi mwekundu kama ya kuvutia gari. Picha ile ile. Bado naumia nikiandika, kwa sababu kila nilipouliza nilipewa kitu kingine cha kununua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kutaja boksi.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, alikuja kwetu Krismasi ya 2024. Alitazama dakika tano akauliza, "Mjomba, mbona maandishi ya chini yanaonekana vizuri na sura za watu hazionekani?"

Nilikuwa nimeyatazama maandishi hayo kwa miezi kumi na minne bila kuyaona. Yalikuwa makali kama wembe. Maandishi ya tafsiri huchorwa na programu yenyewe hapo hapo kwenye boksi, wakati filamu inakuja kutoka Netflix ikiwa na ubora wake. Maandishi yakiwa makali na nyuso zikiwa ukungu, TV yako ni nzima na kebo yako ni nzima. Kinacholetwa ndicho hafifu.

Akachukua rimoti, akauliza tena mbona naendesha Netflix kwa kale kamshale ka kipanya. Nilidhani ndivyo maboksi yote yalivyo. Kumbe ile ilikuwa programu ya Netflix ya simu iliyopachikwa kwenye boksi, wala haikuwa ya TV. Akaingia kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya vipimo vya uchezaji, akanisomea: Widevine L3, ubora wa juu SD, yaani ile 480p.

Widevine ni kufuli ya Google inayolinda filamu zisinakiliwe. Ina ngazi. Kifaa cha L1 kinafungua filamu ndani ya sehemu salama ya chipu yake, kwa hivyo kinaaminiwa kupewa HD (720p au 1080p), na kikiwa pia kimeidhinishwa na Netflix kinapewa hadi 4K. Kifaa cha L3 kinafungua kwa programu tu, ambako ni rahisi kuiba picha, kwa hivyo kinapewa 480p na basi. Ulipe kifurushi cha chini, ulipe cha juu, L3 itakuletea 480p ile ile. Prime Video nao wanatumia kufuli hiyo hiyo kwenye vifaa vya Android. Sasa unaona kwa nini swali lako la ipi ina picha safi siwezi kulijibu? Ukinunua hilo boksi la 4,500, huduma zote tatu zinaweza kukupa ukungu wa aina moja, wewe ubaki unalinganisha ukungu na ukungu.

Mpwa wangu hakuishia hapo. Alitaka nione kwa hesabu. Netflix ya 4K hula hadi GB 7 kwa saa, ya HD kama GB 3, na ya kiwango cha kati (SD) kama GB 0.7. Tukatazama filamu ya saa mbili, tukafungua ruta tukaangalia matumizi. Tulikuwa tumekula GB moja na nusu hivi. Kama ingekuwa 4K ingekaribia 14. Miezi kumi na minne nililipia ng'ombe mzima, nikawa naletewa kwato.

Hesabu yenyewe ni hii: tofauti ya Premium na Basic, 800 mara miezi 14, ni 11,200. Nyongeza ya intaneti miezi tisa, 9,900. Kebo 1,800. Boksi 6,500. Jumlisha. Hiyo ni karo ya muhula kwa mtoto wa mtu.

Kwa hivyo kanuni yangu ni moja na siipunguzi makali: kifaa kwanza, kifurushi baadaye. Anza kwa kujua kifaa chako kinaruhusiwa kupokea picha gani, ndipo ulipie kifurushi kinachofika hapo, usivuke. Kifurushi cha Netflix cha simu ni 480p na hakikubali kutazamwa kwenye TV. Basic ni 720p, Standard ni 1080p kwa skrini mbili, Premium ni 4K kwa skrini nne. Mnyororo mzima, yaani kifurushi, boksi, kebo, TV na intaneti, unashuka hadi kiwango cha kilicho dhaifu kuliko vyote. Na hukusema TV yako ni inchi ngapi. Kama ni ya 32, geuza usome kibandiko cha nyuma, kwa sababu nyingi za saizi hiyo ni 1366 x 768. Hizo hata Standard haiwezi kukuonyesha tofauti kubwa na Basic, sembuse Premium.

Kuna waliokujibu hapo juu, kabla yangu, kwamba "Premium ni Premium tu, utaona tofauti". Nawaheshimu lakini hapana. Mimi sasa nina kifaa kilichoidhinishwa cha Google TV, nilikinunua 8,500 Januari 2025. Nilijaribu Premium mwezi mmoja, 4K ikaja kweli. Nikakaa kwenye kochi langu, mita tatu kutoka kwa TV ya inchi 43, nikabadilisha nikarudi Standard, na hakuna mtu nyumbani aliyegundua. Kwa TV ya ukubwa huo, ukishapita kama mita moja na nusu au mbili, jicho la kawaida linashindwa kutenganisha 1080p na 4K. Intaneti nimerudisha Mbps 15. Premium ina maana kama una TV kubwa na mnaikalia karibu, au kama nyumba yako inatazama skrini tatu nne kwa wakati mmoja. Ninasema nyumba yako, si ya shemeji Gilgil, maana tangu 2023 Netflix wanafuatilia akaunti isitoke nje ya kaya moja.

Mpira: Ligi Kuu ya Uingereza haiko Netflix, usilipie ukidhani utaipata humo. Showmax walipozinduliwa upya Februari 2024 walikuja na kifurushi cha ligi hiyo cha simu pekee. Jirani yangu alikilipia akiwa na ndoto ya kuwaalika wenzake sebuleni, wakaishia watu sita wameinamia simu moja. Kifaa tena. Kila mahali ni kifaa.

Na hayo maboksi yasiyo na chapa inayojulikana yana jambo lingine baya kuliko ukungu. Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi inayokutwa kwenye maboksi ya bei rahisi ya Android, mengine yakiwa nayo hata kabla hujayatoa kwenye katoni. Inageuza intaneti ya nyumbani kwako kuwa mlango wa wahalifu. Kwenye intaneti hiyo hiyo ndiko simu yako yenye M-Pesa inakounganishwa. Langu nililichomoa, na nywila za nyumbani nikazibadilisha zote.

Sasa kesho. Ukifika dukani, mwambie akiwashe kifaa na aunganishe intaneti ya simu yako. Flashi aiache mfukoni. Fungua Netflix. Ukiona kamshale ka kipanya, toka. Ukiambiwa "tutakuwekea Netflix", toka, kwa sababu kifaa kilichoidhinishwa huipata kwenye duka lake la programu bila fundi. Kitufe chekundu cha Netflix kwenye rimoti kisikudanganye, hata rimoti za bandia zinacho. Tafuta chapa inayojulikana yenye mfumo wa Google TV au Android TV wenyewe. Neno "Android 13" lililoandikwa kwa wino mkubwa si kitu kile kile. Kama programu ya Netflix iliyomo ni ya simu, ingia kwenye mipangilio usome vipimo vya uchezaji, na umwombe muuzaji asome na yeye kwa sauti.

Na kabla hata ya kutoka nyumbani, angalia kama TV unayoiita ya zamani haina Netflix yake yenyewe iliyotoka nayo kiwandani. Jaribu mwezi mmoja wa kifurushi cha chini humo humo. Washa maandishi ya tafsiri, ukae unapokaa siku zote, ulinganishe herufi na nyuso. Kisha uniandikie hapa unachoona, pamoja na inchi za TV na herufi na namba iliyo baada ya neno Widevine ukiipata. Nitakuwa macho mpaka saa tano usiku, stima isipopotea.