Fuata hela kabla hujatengeneza programu

Kijana akiniandikia kwamba anataka kutengeneza programu ya simu ya kuinua uchumi wa kwao, namrudishia swali moja: hela ikiingia hapo kwenu, inakaa siku ngapi? Wengi hawajawahi kujiuliza. Maeneo mengi yaliyoachwa nyuma hela huingia, ila haikai. Mshahara wa Ijumaa, Jumatatu umeshaondoka: kwa muuzaji wa jumla, kwa mwenye nyumba anayeishi kwingine, kwa mkopeshaji.

Nimefanya kazi na vikundi vya wafanyabiashara wadogo kwa miaka, na kifaa changu cha kwanza ni daftari. Namwomba kila mmoja aandike kwa wiki mbili alichonunua, alikokinunua na nauli aliyolipa. Kisha tunayaweka madaftari yote mezani, kurasa zina madoa ya mafuta na hesabu zilizofutwa-futwa, na mara nyingi jambo lilelile linajitokeza: watu wanaofanya biashara jirani kabisa wanalipa nauli kila mtu kivyake kwenda kununua bidhaa ileile kwa muuzaji yuleyule, kwa bei ya rejareja. Hapo pana biashara tayari. Mmoja akusanye oda kwenye kundi la WhatsApp, akodi gari moja, adai bei ya jumla, achukue chake kidogo. Programu ya nini hapo?

Teknolojia hufaa inapokaa juu ya kitu ambacho watu wanakifanya tayari. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kurahisisha urejeshaji wa mikopo midogo. Watumiaji wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe, na huduma ilipozinduliwa 2007 ikanadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Ilitumia simu za kawaida, zile za vitufe. Na tusimsahau wakala: bila mtu mwenye noti mkononi na anayeaminika, salio kwenye simu ni tarakimu tu.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa wavuvi wa Kerala, India. Simu za mkononi zilipoanza kufika huko mwaka 1997, walianza kupiga wakiwa bado baharini kuulizia bei kabla ya kuchagua pwani ya kutia nanga. Mchumi Robert Jensen alikuta kwamba samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi karibu waliisha, faida ya wavuvi ikapanda, na mlaji akanunua kwa bei nafuu kidogo. Kupiga simu tu.

Soko la mtandaoni linalokata asilimia ya kila mauzo na kuipeleka mbali, nalo ni tundu la kuvujishia hela. Piga hesabu kabla ya kujiunga: je, wateja wapya wanazidi makato? Mikopo ya papo kwa papo ya kwenye simu mimi siipendi kwa biashara changa. Kikundi cha kuweka na kukopa, kwa mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991, huigawa riba kwa wanachama wenyewe.

Ukishapata wazo, mtafute mapema atakayeliendesha ukiwa haupo. Mimi huanza na mweka hazina wa kikundi: hesabu anaziweza, na watu wamezoea kumkabidhi hela zao. Kutumia jedwali la kwenye simu atajifunza kwa siku chache.