Kabla Hujanunua Risiva, Igeuze

Jumapili jioni kijana mmoja anayefuata makala zangu alinitumia picha kwa WhatsApp. Risiva nyeusi, ile mashine ya kuendesha spika za sinema ya nyumbani, iko juu ya kaunta ya duka, taa za buluu zinawaka, kile cha kuzungusha sauti kikubwa kama kifuniko cha thamosi. Chini ameandika: "Kaka, hii ni ex-UK, wati 1,000, elfu ishirini na nane. Nichukue?" Nikamjibu neno moja: "Igeuze."

Najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto ile ile niliyokuwa nayo: sebule ndogo, televisheni ukutani, spika tano na sabwufa, na helikopta ya kwenye filamu ikipita nyuma ya kochi hadi mtoto ageuke kuitafuta. Mimi nimeipata. Lakini niliilipia mara mbili, na ile mara ya kwanza bado inaniuma.

Zamu yangu ya chama ilikuwa imefika. Mke wangu anajua pesa zile zilikuwa zimepangiwa nini, tusirudi huko. Nilipanda ngazi za duka moja mjini, sitalitaja, nikaoneshwa risiva inayolia hadi vioo vya kabati vikatetemeka. Sikujiuliza lile boksi zito la chuma lililokuwa chini ya kaunta lilikuwa la kazi gani. Plagi ya risiva ilikuwa na vyuma viwili bapa, si vitatu kama vyetu, muuzaji akanipa adapta ya bure. Nikamshukuru! Nikabeba sanduku begani hadi steji ya matatu za Umoja.

Jumamosi nikaalika watu waje kutazama mpira. Shemeji yangu alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kukaa. Nikachomeka. Taa nyekundu ikawaka, kitu ndani kikanguruma kama friji kuukuu, halafu pap. Moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya juu, ukapenya kitambaa cha kufuma ambacho mke wangu alikuwa ametandika pale kwa urembo. Nyumba nzima kimya. Shemeji akasema, "Hii sinema yenu imeanza na moshi." Mpaka leo tukikutana shughulini ananiuliza kama moshi umeisha.

Fundi aliifungua mbele yangu. Transfoma imeungua, kapasita mbili zimevimba kama maandazi. Kisha akaigeuza, akaweka kidole kwenye kibandiko cha nyuma: AC 120V, 60Hz. Mashine ya Marekani. Umeme wetu ni volti 240, mara mbili kamili. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, volti haziguswi. Na lile boksi la chini ya kaunta lilikuwa transfoma ya kushusha umeme. Muuzaji alijua. Niliporudi akaniambia kitu kikishatoka mlangoni kwake si chake tena.

Kwa hiyo soma mgongo wa risiva kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Ukikuta 120V, au 100V za Japani, iache, isipokuwa ina swichi ya kuchagua volti au uko tayari kununua transfoma yako. Za Uingereza huandikwa 230V na hapa hazina shida, ila "ex-UK" ya mdomo si kibandiko.

Wati 1,000 za usoni ni hadithi za Abunuwasi. Tafuta wati kwa kila chaneli, yaani kwa kila spika, kwenye omu 8 (kipimo cha ukinzani wa spika), kuanzia 20Hz hadi 20kHz, yaani besi ya chini kabisa hadi mlio mwembamba kabisa. Hata hapo kampuni nyingi hupima chaneli mbili tu zikilia, si zote tano. Na usilipe pesa nyingi kuruka kutoka wati 50 hadi 100: ukizidisha wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo shemeji yako ataisikia kwa shida. Linganisha pia omu za spika na zile zilizoandikwa nyuma. Spika za omu 4 kwenye risiva inayotaka 6 hadi 16 zinaweza kuichemsha ijizime katikati ya filamu.

Kuna tundu la HDMI lenye maandishi ARC au eARC. Hilo ndilo linalorudisha sauti ya televisheni kwenye risiva kwa kebo moja. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo risiva ya zamani zaidi usiitarajie.

Ya pili niliinunua kwa akili, na hapo ndipo nilipojua kazi ya kile kimaikrofoni kinachokuja kwenye sanduku. Unakiweka mahali kichwa chako kinapokaa, risiva inapiga milio na kupima kila spika iko umbali gani. Inataka kimya, na Umoja kimya kinapatikana saa kumi na moja alfajiri. Keateka alikuja kugonga mlango akidhani ni king'ora cha wezi. Lakini tangu siku hiyo mama yangu akija haniulizi tena wanasema nini, maana spika ya katikati, inayobeba maneno mengi ya filamu, ilikuwa chini mno. Zulia na mapazia mazito yalimaliza mwangwi wa vigae. Kitambaa cha kufuma kimehamia kwenye meza. Risiva hupumulia juu, jamani, muiache ipumue!

Vijana mnapenda taa. Mnapenda kuambiwa "inapiga." Hakuna muuzaji atakayekugeuzia mashine bila kuombwa, nawaambia kila mara na kila mara mnanitumia picha ya uso.

Saa tatu usiku picha ya pili ikaingia. AC 230V, 50Hz. Nikashusha pumzi kana kwamba pesa ni zangu. Nikaikuza: matundu ya rangi safu tatu, tundu moja la optiko (la kebo inayopitisha sauti kwa mwanga), HDMI hakuna hata moja. Nikamwandikia kwamba optiko itambebea 5.1 ya kawaida, yaani spika tano na sabwufa, lakini Atmos, ile sauti inayotoka hadi juu ya kichwa, haitapita, na kwamba elfu ishirini na nane ni nyingi mno, atoe kumi.

Kimya kirefu. Halafu: "Kaka, nilishatoa kumi na tano ya kuishika."