Je, antivirasi ya pili itamwondoa mwizi?

SWALI: Kompyuta yetu ya nyumbani ina Windows 11 na antivirasi iliyokuja nayo. Siku chache baada ya mwanangu kupakua mchezo wa bure, mtu aliingia kwenye barua pepe yangu. Nimebadilisha nywila mara mbili, bado anaingia. Niongeze antivirasi ya pili?

JIBU: Pole sana, ndugu. Ya pili usiongeze. Antivirasi mbili zikilinda kwa pamoja hugombania faili zilezile, na kompyuta huwa nzito bure.

Kilichonishtua ni hizo nywila. Ulizibadilishia wapi? Kama ni kwenye kompyuta hiyohiyo, huenda ulimkabidhi mwizi kila nywila mpya. Programu ya kijasusi inaweza kunasa kila herufi unayoandika. Nyingine hukomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, yaani vifaili vinavyoijulisha tovuti kwamba umeshaingia. Mwenye vidakuzi vyako anaweza kupita bila kuulizwa nywila.

Kwa hiyo itoe kompyuta kwenye intaneti leo. Kwa simu unayoiamini, badilisha nywila ya barua pepe kabla ya nyingine yoyote, maana akaunti nyingi hurejeshwa kupitia hiyo. Ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Kagua pia mipangilio ya kuelekeza barua: mwizi akiwa ameweka anwani yake humo, ataendelea kupata nakala hata ukimfungia nje. Wengi husahau hapo.

Kompyuta yenyewe ichunguze kwa Microsoft Defender Offline. Hiyo huiwasha upya na kukagua diski kabla Windows haijaamka, wakati trojani, yaani programu hatari inayojifanya ya kawaida, haijapata nafasi ya kujificha. Ila kwa hali yako mimi ningesakinisha Windows upya, kwa flashi iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine. Okoa picha na nyaraka tu. Programu za zamani ziache.

Baada ya hapo, mfungulie mwanao akaunti ya kawaida, ya msimamizi ibaki kwako na nywila yake. Trojani ikiingia kwake bado inaweza kuiba vilivyo vyake, lakini kugusa mfumo au mafaili yako itakuwa vigumu zaidi. Washa pia uonyeshaji wa viambishi vya majina ya faili, yaani herufi za mwisho baada ya nukta zinazoonyesha aina ya faili, maana Windows huvificha. Mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilisambaa kwa faili iliyoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Wengi hawakuiona ile .vbs, wakadhani ni maandishi tu.

Na umuulize mwanao, kwa upole ili asikufiche, kama maelekezo ya mchezo ule yalimtaka azime antivirasi kwanza. Kama ndivyo, trojani ilipitia hapo, na antivirasi ya pili nayo ingezimwa vilevile.