Baba, mafundi hawakukimbii kwa hela peke yake

Baba, mwanangu, mbukwenyi hapo nyumbani. Voisi yako nimeisikia, unauliza kwanini vijana wa karakana yako ya kukereza vyuma wanakaa miezi miwili mitatu wanasepa, wengine wameenda saiti za ujenzi za Mtumba na Msalato hapa Dodoma, na kama ukiongeza mshahara watatulia.

Ongeza kama unaweza, sikukatazi. Ila mimi nauza chakula hapa Kizota, mafundi wakila wanaongea na mama ntilie hawamhesabu kabisa, na wanaolalamikia kiasi ni wachache. Wanalalamika hela haina tarehe. Bosi anasema Jumatatu, ikifika Jumatatu mwenye mashine ya kukamua alizeti hajalipa, sasa mwenye nyumba wa fundi alizeti zinamhusu nini?

Halafu hiyo tabia ya kukatana. Yule kijana wako mrefu alikula wali maharage kwangu akaomba nimwandike deni, eti umemkata hela ya kisu cha mashine kilichovunjika, na shafti yenyewe aliyopewa kukereza ni ya chuma chakavu, huku laini huku gumu kama nini, kisu kikifika pale kinakwenda. Hapo kosa la nani baba? Sheria ya kazi ya 2004 inataka umpe mtu nafasi ya kujieleza kwanza, na hata ukikata usivuke robo ya mshahara. Wewe unakata kwa hasira, najua umeitoa wapi, marehemu babu yako alikuwa hivyohivyo.

Lakini shida yako kubwa ni wapya. Mtoto katoka chuo cha ufundi cha VETA na cheti chake, wiki nzima anafagia chenga za chuma na kutumwa soda, mashine anaiona kwa mbali tu. Fundi mkuu naye hamfundishi, atamfundishaje wakati unamlipa kwa idadi ya kazi alizotoa, kila dakika anayomwelekeza dogo ni hela yake inapotea. Mlipe kitu pembeni kwa kila kijana anayemfikisha kupima na vania, kile kipimo cha unene wa chuma, bila kusimamiwa, utaona. Na huyo mpya mpe kazi ya kwake mapema, hata bushi za mashine ya kusaga, mteja wa Kibaigwa akija kuchukua mwite dogo azifunge mwenyewe, aione mashine inazunguka.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, waandikishe, ni asilimia 20 ya mshahara, nusu yake nusu yako, wenye familia huwa wanaulizia hilo sana. Na wanaoaga kwenda Mtumba waage vizuri, usiwatukane, saiti zinaisha na fundi anarudi mjini kutafuta kazi kwa mtu waliyeachana naye vizuri.

Yule mrefu ukimrudishia hela yake mwambie apite hapa, deni la wali bado liko kwenye daftari.

Mama yako